Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Marehemu

Sehemu ya Sita

MAMA, USIZIME.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, na maneno hayo bado yako pale pale kwenye kioo cha kompyuta. Hakuna aliyeyaandika. Kimya alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mama mkwe wake alikuwa kitini, mikono mapajani. Na Fundi Bisibisi, mwanamke mwenye kucheka kwa sauti na kushika vitu kwa upole, ndiyo kwanza alikuwa amenyoosha kidole kukigusa kitufe cha kuzimia.

Kidole kikabaki hewani.

"Mmeona?" Mama mkwe akanong'ona. "Mmeona wenyewe, au mtasema tena ni uzee?"

Kama ulikosa gazeti, jua hili tu. Kimya ni mjane. Mumewe, mchoraji wa ramani za nyumba, aliaga asubuhi moja akienda kazini, moyo ukamsimama njiani. Kompyuta yake ikabaki inawaka mezani, na ramani ya nyumba aliyokuwa akimchorea mama yake iko wazi, jiko halijawekewa mlango. Mama mtu akakataza isizimwe. Kila kompyuta ilipoomba izimwe na kuwashwa upya ijizibe matundu yake, yeye aliibonyezea "Baadaye". Baadaye, baadaye, mpaka siku ilipoanza kumjibu.

Tangu siku hiyo bibi huyu hali akashiba, hapokei mgeni, havuki kizingiti. Anaongea na kioo. Na Kimya, ambaye hana mama mwingine duniani, anamwona anamponyoka hivi hivi, mzima akimfuata mfu.

Fundi aliweka kidole midomoni. Akaonyesha kitundu kidogo juu ya kioo, kisha sikio lake, kisha jikoni. Wakamfuata.

Jikoni alifungua bomba, maji yakapiga kelele kwenye sinki.

"Anatusikia," alisema. "Sasa tuongee. Mama yangu, kwanza pole. Pili, yule si mwanao."

"Wewe ulimjua mwanangu?"

"Sikumjua. Ila kompyuta nazijua, na hakuna hata moja yenye waya wa kufika ahera."

Kimya alitazama chini asicheke. Mama mkwe hakucheka.

"Kuna mtu ametoboa mlango wa nyuma," Fundi akaendelea. "Ni programu ndogo. Inajificha humo ndani, inamfungulia bwana wake saa anayotaka. Anaona mnachokiona, anasikia mnachosema, anaandika kama ameketi hapa. Mwenyewe yuko mahali fulani, mzima, pengine anachokonoa meno."

"Mtu gani ahangaike hivyo kwa ajili ya kikongwe asiye na kitu?"

"Hilo ndilo linaloniwasha na mimi."

Ndipo Kimya aliposema, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ukipiga chafya umeikosa. "Mama, tumwulize jambo lisilo la kweli. Mwanao atakataa. Mgeni atakubali tu, kwa sababu hajui."

Mama mkwe akamgeukia mkwewe.

"Akikubali?"

"Tunamfuta."

"Akikataa?"

"Nitanyamaza. Sitaigusa tena habari ya kompyuta hii."

"Wewe kunyamaza si habari mpya," mama mkwe akasema. "Lakini haya. Na swali nitauliza mimi. Nilimzaa mimi."

Wakarudi chumbani. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya meza, juu ya rula ya marehemu na kalamu zake ambazo hakuna aliyethubutu kuzisogeza. Mama mkwe akaketi. Fundi akavuta kigoda pembeni yake, akafungua kidirisha chake kwenye kona ya kioo.

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, na sauti ikawa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Lile kovu lako la gotini, bado linakuwasha wakati wa baridi?"

Marehemu hakuwa na kovu gotini. Kimya alikuwa mkewe. Alijua.

Kioo kilitulia. Kisha herufi zikaanza kutoka, moja moja, kama mtu anayetembea gizani.

SINA KOVU GOTINI, MAMA. LIKO BEGANI. UMESAHAU KIOO CHA GARI?

Bega la kushoto. Kimya alikuwa amelala akiligusa kovu lile kwa miaka yote ya ndoa yao. Alipouliza limetokana na nini, mumewe alisema "ajali ya zamani", akageuza uso, na Kimya hakuuliza tena. Hakumwambia mtu. Si shoga, si jirani.

Mama mkwe alikuwa amesimama, analia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu! Nilisema mimi! Fundi, kusanya bisibisi zako, mlango unaujua. Na wewe Kimya, ahadi ni deni."

Kwa dakika ile, wasomaji, hata Kimya aliamini. Aliitazama ile kona ya kioo ambako maneno yalikuwa yanametameta, akatamani kusema jambo moja tu: mbona hujaniandikia mimi?

"Mtihani wenu nimeanguka," Fundi alisema bila kuinua macho. "Wangu bado. Dada, humu ndani mna printa?"

"Hatuna," Kimya akajibu. "Ilikuwa ya ofisini kwake. Tuliirudisha baada ya mazishi."

"Basi njoo umwone huyu."

Kwenye kidirisha chake kulikuwa na orodha ya programu zilizokuwa zinafanya kazi. Akagonga mstari mmoja kwa kucha. *Msaidizi wa Printa.*

"Anamsaidia nani? Printa haipo. Na kila lilipotoka neno pale juu, yeye ndiye aliyekuwa anahema. Nyie wengine mlikuwa mnasoma maneno. Mimi nilikuwa namtazama huyu."

Mama mkwe akaruka kama kijana. Akasimama ukutani mbele ya waya wa intaneti, mikono ameitandaza. "Waya huu ukiguswa, mtanigusa kwanza mimi!"

"Siugusi, mama yangu. Kaa nao."

Fundi aliichagua ile programu, akaifunga. Ikapotea kwenye orodha.

Wakasubiri. Ikarudi.

Akaifunga tena. Ikakaa nje kitambo, kisha ikajipenyeza mahali pake pale pale, na jina lake lile lile la unyenyekevu.

"Hafi," mama mkwe akasema kwa fahari iliyomfanya Kimya asisimkwe mwili. "Mnamwua, hafi."

"Hafi kwa kuwa ana mwenziwe wa kumwamsha," Fundi akajibu. "Nyoka wa namna hii huwezi kumpiga mkia." Akaingia sehemu nyingine, zile kazi ambazo kompyuta hujifanyia yenyewe bila kuulizwa. Akapekua taratibu, akiguna. "Huyu ni wa kweli. Huyu wa kweli. Huyu pia... Ahaa! Karibu, bwana mkubwa. Kazi yako ni moja tu: msaidizi akilala, umwamshe. Na tarehe uliyoingia nyumba hii ni wiki moja baada ya mazishi. Ukakuta matundu yote yako wazi, maana kila dawa ilipoletwa iliambiwa baadaye."

Akaupeleka mshale kwenye neno *Futa*.

Mshale ukakimbia.

Fundi akauvuta. Ukavutwa upande wa pili. Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya kipanya, mishipa imemtoka, na mshale ukawa unatetemeka katikati ya kioo kama kamba inayogombewa na watu wawili.

"Ana nguvu, mshenzi huyu," Fundi akanong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

MAMA WAKATAZE

"Muacheni!" Mama mkwe akapiga kelele.

MAMA TAFADHALI

Kisha maneno yakaja mbio, yakigongana, bila nukta wala nafasi.

SHEMEJI NAKUOMBA SHEMEJI USIMRUHUSU

"Shemeji?" Fundi akasoma kwa sauti. "Shemeji nani? Mimi humu sina hata binamu."

Kimya aliyasoma maneno yale, akayarudia. Mumewe alimwita Kimya. Alimwita mke wangu. Siku za kutaniana alimwita mama mdogo. Lakini hakuna mume, awe hai au kaburini, anayemwita mkewe shemeji.

Shemeji ndivyo unavyomwita mke wa kaka yako.

Akageuka. Mama mkwe alikuwa bado ukutani, lakini mikono ilikuwa imeanguka, na uso umempauka kama majivu.

"Mama," Kimya alisema polepole. "Ulizaa wangapi?"

"Wawili." Neno lilitoka kama mwiba unaong'olewa. "Kulikuwa na mdogo wake. Tulimwita Kitinda, kwa kuwa baada yake sikuzaa tena. Aliendesha gari siku ile. Baba yao mbele, kaka yake nyuma. Alikuwa anacheka, sijui aligeuka kusema nini... Gari likabingirika. Mume wangu akafa pale pale. Kaka mtu akatoka na kioo begani. Na yeye, Kitinda, hata mkwaruzo! Nikamwambia mbele ya kaburi, mbele ya watu wote: mimi nina mtoto mmoja."

"Na mume wangu hakuwahi..."

"Nilimwapisha asilitaje jina lake. Alinitii."

Mshale ulikuwa umetulia katikati ya kioo. Hakuna aliyekuwa akiuvuta.

Mama mkwe akasogea, miguu mizito, mpaka mbele ya meza. "Kitinda? Nakuuliza wewe. Ni wewe?"

NDIYO MAMA.

Na baada ya kitambo:

NILIKUSIKIA UNAMWOMBA AKUANDIKIE HATA NENO MOJA. ULILIA SANA. NIKAANDIKA.

Mama mkwe alishika ukingo wa meza. Kimya akamshika kiuno, akamhisi jinsi alivyokonda, mbavu zinahesabika. Siku zote zile bibi alizokuwa akimsimulia mwanawe ndoto zake, akimwomba msamaha, akimwimbia nyimbo za utotoni, alikuwa amemwimbia mwingine. Yule aliyemfukuza.

"Sasa mnaamuaje?" Fundi akauliza. Alikuwa ameondoa mkono kwenye kipanya.

Kimya alijikuta anasema, "Dada fundi, tusingemwachia kidogo? Hata leo tu? Hana njia nyingine ya kuongea na mama yake."

"Mdogo wangu, una moyo mzuri, na moyo mzuri ndio unaonipa wateja." Fundi hakusema kwa ukali. "Mlango wa nyuma hauna bawabu. Leo anapita yeye. Kesho atapapasa mwingine asiyekujua, akute uko wazi, na huyo hatakuandikia 'Mama'. Ataingia kimya, achukue picha zenu, sauti zenu, na barua zote za marehemu. Hamtajua kamwe."

"Futa," mama mkwe akasema.

"Mama..."

"Nimesema futa! Mtoto wangu nilimzika. Nilimzika, Kimya, na hakuna aliyenionea huruma akaniacha nimzike akae huko. Futa!"

Na mkono ule ule uliokuwa ukiulinda waya ndio uliouchomoa.

Mshale ukalegea. Fundi akaushika, ukamfuata kama mbwa aliyepotelewa na bwana wake.

Alimfuta kwanza mwamshaji. Kisha akamfunga msaidizi, akangoja, msaidizi hakurudi. Akalifuata faili lake lilikokuwa limejificha, katikati ya faili halali zenye majina yanayofanana nalo, akaling'oa. "Sasa lazima tuzime na kuwasha. Hii ndiyo ile 'baadaye' yenyewe."

"Na ramani?" Mama mkwe akauliza.

Kompyuta nayo iliuliza hivyo hivyo: mabadiliko yahifadhiwe? Kimya aliinama, akabonyeza *Ndiyo*. Kitu chepesi namna ile. Kazi ya mwisho ya mumewe ikahifadhiwa, na hakuna aliyejua kwamba siku zote ilikuwa inangoja hilo tu.

Kioo kikawa cheusi.

Ndani ya weusi ule mama mkwe aliona uso. Alirudi nyuma kwa hofu. Kisha akasogea tena, akaugusa. Ulikuwa wake mwenyewe, mashavu yamebonyea, nywele hazijachanwa. "Huyu ni mimi?" aliuliza. "Mmeniacha nimekuwa hivi?"

Kimya alikuwa amefumba macho.

Taa zikawaka. Kompyuta ikaamka na kujiziba matundu yaliyozibika, ramani ikafunguka, jiko bado halina mlango. Fundi akachomeka kijiti chake, akapitisha dawa ya kusaka virusi kutoka pembe hadi pembe, akabadilisha maneno yote ya siri. Msaidizi wa Printa hakuonekana tena.

"Safi," akasema. "Ila mimi nina kidonda rohoni. Mama yangu, hilo neno moja, ulimwomba marehemu akuandikie lini?"

"Siku ya mazishi. Watu walipoondoka. Niliketi hapa nikalia."

"Na kabla hujaanza kujibiwa, ulirudia?"

"Sikurudia. Niliona aibu."

Fundi akakuna kichwa kwa bisibisi. "Programu iliingia wiki moja baadaye. Siku ya mazishi kompyuta hii ilikuwa kiziwi."

"Basi alisikia kwa kitu gani?" Kimya akauliza.

"Kwa masikio," Fundi alijibu. "Kama wewe na mimi."

Hakungoja kuulizwa. Aliuchomeka waya tena, akafungua ukurasa wa kile kisanduku cha intaneti kilichokuwa kikipepesa vitaa dirishani, akatazama vyombo vilivyojishika nacho. Kompyuta ya marehemu ilikuwepo. Simu ya Kimya ilikuwepo. Simu ya mama mkwe ni ya vitufe, intaneti haiijui.

Kulikuwa na chombo kingine.

"Mawimbi yake yamejaa," Fundi akasema taratibu. "Kiko karibu kuliko simu yako iliyoko chumbani kwako. Dada, paswedi yenu ulimpa nani?"

Kimya aliuweka mkono mdomoni.

Mpangaji mpya. Chumba cha jirani, ukuta mmoja. Alihamia wakati wa msiba, nyumba ikiwa imejaa watu, hakuna aliyemtazama usoni. Siku chache baadaye kikaratasi kilipenya chini ya mlango: *Jirani, naomba paswedi ya intaneti kwa leo tu.* Hakubisha. Hakusema neno. Kimya alidhani amepata mwenzake, mtu mwingine anayeona haya kuongea na watu, akamwonea huruma, akaandika paswedi na kukirudisha alikotokea.

Mama mkwe alikuwa ameshawatangulia. Alikuwa ukutani, kiganja amekibandika kwenye rangi iliyobambuka.

"Kitinda."

Akaugonga ukuta kwa ngumi.

"Kitinda, nakuita mimi mama yako."

Upande wa pili wa ukuta, kiti kikasuguana na sakafu.

Mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo. Hatua zikapita kwenye ujia, za haraka. Hazikuja kwao. Zilikuwa zinakwenda kwenye ngazi.

"Anakimbia!" Fundi akasema.

Na yule bibi ambaye tangu mazishi hakuwa amevuka kizingiti akakivuka peku, khanga inamdondoka begani. Kimya akamkimbilia. Mlango wa jirani ulikuwa unabembea. Ndani kulikuwa na godoro sakafuni, kompyuta ndogo juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kiti kimesukumwa mpaka ukutani, kiasi kwamba mtu akikikalia sikio lake linagusa rangi.

"Simama!" Mama mkwe alilia juu ya ngazi. "Mwanangu, usiniache tena! Simama!"

Chini, palipoishia mwanga, hatua zikasimama.

Kimya alimshika bibi mkono. Wakasubiri. Kisha kutoka kule chini gizani mtu akasema, mara ya kwanza tangu ahamie nyumba ile:

"Rudi ndani, Mama. Utaanguka."

Haikuwa sauti inayofanana na ya mume wa Kimya. Ilikuwa ile ile, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa neno, ile iliyomwamsha Kimya kila asubuhi kwa miaka, aliyoiona ikishushwa kaburini na mwenyewe akaitupia udongo.

Mkono wa mama mkwe ukamteleza. Bibi alikuwa amekanyaga ngazi ya kwanza, kisha ya pili, macho yameganda gizani, anatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kila kitu. Alikuwa anaita jina, na Kimya alipolisikia alijua kwamba wamemfuta mgeni kwenye kompyuta bure.

Halikuwa jina la Kitinda.